Nzuri Wapi? Kusikilizana Rekodi za Bach na Embaire kati ya Mbale na Jinja

Jumamosi moja mjini Mbale, katika chumba cha kupanga kisichokuwa mbali na Mnara wa Saa, niliwasikilizisha wenzangu wanne rekodi ninayoipenda kuliko zote. Katika rekodi hiyo Pablo Casals, mwanamuziki wa Catalonia nchini Hispania, anapiga selo, ala ya nyuzi nne inayofanana na fidla ila ni kubwa kiasi cha kuwekwa katikati ya magoti. Kipande chenyewe ni cha ufunguzi, cha kwanza kabisa katika misururu sita ambayo Johann Sebastian Bach aliiandikia ala hiyo peke yake, bila kusindikizwa na nyingine. Hakifiki dakika tatu. Nilikuwa nimekisikiliza labda mara mia, usiku, kwa spika za masikioni, na nilikuwa na hakika kwamba kila mwenye masikio angekipenda.

Kabla ya kuanza nilisema, "Ni nzuri sana." Kilipokwisha nikasema tena, "Si mmesikia? Ni nzuri sana, jamani." Mmoja alikuwa akisoma ujumbe kwenye simu. Mwingine aliuliza kama ile sauti ya kukwaruza ilitokana na ubovu wa spika yangu. Wa tatu, ambaye anasomea ualimu wa hisabati na hana desturi ya kusema neno ili kunifurahisha, aliniuliza, "Nzuri wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilirudia neno lilelile, "nzuri", kwa sauti kubwa zaidi.

Makala haya ni jaribio la kumjibu. Nakusudia kuonyesha kwamba rekodi nzuri haikamilikii ndani ya spika. Hukamilikia masikioni mwa anayeisikiliza, na kwa kuwa masikio hayafanani, kusikiliza pamoja na wenzako na kuambiana mlichosikia ni sehemu ya kuuelewa muziki wenyewe. Jambo hili nililijua kwa njia ndefu, iliyopitia kwa babu yangu huko Busoga na kurudi Mbale.

Sisi tunaosoma Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kuona aibu mbele ya swali kama lile. Katika darasa la ushairi hakuna mhadhiri anayekubali sentensi isemayo kwamba utenzi fulani ni mtamu. Atauliza: vina vyake vikoje? Mizani inavunjika wapi, na kwa nini hapo? Kituo cha ubeti kinafanya kazi gani? Tumezoezwa kuweka kidole juu ya mstari. Lakini tukitoka darasani na kushika rekodi ya muziki tunageuka washangiliaji. Tunasema "inagusa moyo", "iko juu", "hii ndiyo muziki", kisha tunashangaa kwamba wenzetu hawaguswi.

Wala kusikiliza rekodi kwa pamoja si jambo geni kwa Waswahili. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake za taarabu kwa Kiswahili, na santuri hizo ziliporudi pwani zilisikilizwa na watu waliokusanyika penye gramafoni, hasa mikahawani. Santuri ilikuwa ghali na gramafoni ghali zaidi, hivyo watu wengi walisikiliza wakiwa na watu wengine. Mwenye kushangazwa na ubeti alikuwa na jirani wa kumgeukia papo hapo. Sisi wenye simu tumeupata muziki wote wa dunia, na tumempoteza jirani huyo.

Baada ya Jumamosi ile nilijaribu kwanza kuwapa historia. Niliwaeleza kwamba Casals alikutana na nota za Bach akiwa kijana wa miaka 13, katika duka moja mjini Barcelona, na kwamba akakaa nazo miaka mingi kabla ya kuzipiga hadharani. Nikawaeleza kwamba aliirekodi misururu yote sita kati ya 1936 na 1939, mjini London na Paris, miaka ileile Hispania ilipokuwa ikiungua kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kwamba msururu huu wa kwanza ulirekodiwa Paris mwaka 1938. Ile sauti ya kukwaruza ilikuwa sauti ya santuri za zama zile. Wenzangu walinyamaza kwa heshima, kama watu waliokuja kuhani msiba. Lakini kuheshimu si kusikiliza. Walimheshimu Casals kwa mateso ya nchi yake, wakabaki hawajasikia noti hata moja zaidi ya walizosikia mwanzo.

Kwa hiyo nikarudi kwenye sauti yenyewe. Kipande kile kina sifa moja ambayo mtu anaweza kuionyesha kwa kidole. Noti zinapigwa moja moja, mfululizo, kwa mwendo mmoja, karibu bila kupumzika. Lakini haziko mahali pamoja: moja iko chini, nyingine zinaruka juu, kisha ile ya chini inarudi. Niliwaomba waache noti zote za juu zipite kama watu barabarani, washike noti ya chini tu kila inaporudi. Kisha nikawarudishia kipande tangu mwanzo.

Safari hii hakuna aliyeshika simu. Mwenzetu mmoja aliuliza, "Kwani wanaopiga ni wawili?"

Ni mmoja. Hapo ndipo uzuri ulipo, au angalau sehemu yake ya kwanza. Bach aliandika mstari mmoja wa noti, lakini sikio halikubali kuusikia kama mstari mmoja. Linaokota noti za chini na kuziunga ziwe sauti ya mtu mzima anayetembea polepole, kisha linaokota za juu na kuziunga ziwe sauti ya pili inayozungumza kwa haraka. Sauti ya chini haiendelei kulia wakati mpigaji yuko juu. Ni sisi tunaoishikilia kichwani mpaka arudi. Karibu na mwisho noti zinapanda hatua kwa hatua huku noti moja ikirudiwarudiwa katikati yake bila kuchoka, na sikio linalazimika kuchagua lifuate ipi. Casals halisaidii sana. Hapigi kama mtu anayetaka kuonyesha ufundi. Anaharakisha kidogo, anasita kidogo, kama msomaji wa barua anayefika kwenye sentensi aliyokuwa akiingoja. Mtu mmoja, nyuzi nne, na kikao kizima ndani yake.

Hilo lilikuwa nusu ya jibu. Nusu ya pili sikuipata Mbale.

Likizo ilipofika nilisafiri kwenda nyumbani Jinja. Barabara ya Mbale kwenda Jinja hupitia Tirinyi na mashamba ya mpunga, ikaja kuungana na barabara kuu karibu na Iganga, na nina desturi ya kushuka njiani kumwamkia babu yangu, tunayemwita jjajja. Katika simu yangu nilikuwa na albamu ya kundi la Nakibembe Embaire, iliyotolewa mwaka 2023 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Niliipakua kwa sababu wageni wanaokuja Jinja kwa tamasha walikuwa wakiisifu, na niliona haya kwamba mgeni anaijua Nakibembe, kijiji cha Busoga, kuliko mimi niliyezaliwa huku.

Embaire ni marimba kubwa ya Wasoga. Shimo huchimbwa ardhini, mbao nene hupangwa juu yake, na wapigaji, ambao huweza kufika wanane, huketi pande mbili wakitazamana, kila mmoja na fimbo zake. Shimo ndilo linaloikuza sauti. Ni kama ardhi yenyewe ndiyo sanduku la ala. Kila mpigaji ana kipande chake kifupi cha kurudiarudia, na vipande hivyo hupenyezana: noti ya mmoja huingia katika nafasi iliyoachwa na noti ya mwenzake, kama vidole vya mikono miwili vinapofumbana. Kwa msikilizaji wa mara ya kwanza ni mvua juu ya mabati. Kwangu ilikuwa hivyo kwa muda mrefu: mvua nzuri, yenye nguvu, ila mvua.

Jjajja aliisikiliza kwa simu, akiwa ameiegemeza kwenye kikombe ili sauti itoke vizuri. Hakusema kama ni nzuri au mbaya. Baada ya muda alianza kuimba chini chini kwa mdomo uliofumbwa, wimbo mfupi wa noti chache, akiurudia. Nilisogeza sikio. Wimbo ule haukuwamo. Nilidhani amekumbuka kitu kingine cha ujana wake, kama wazee wafanyavyo, nikamwambia kwa adabu kwamba katika rekodi hii hakuna anayeimba hivyo. Akanijibu kwa Lusoga, kwa namna ya mtu anayemwonyesha mtoto nyota, kwamba ni kweli hakuna anayeimba, lakini wimbo upo, nisikilize.

Sikuusikia siku ile. Nilijisemea kwamba ni uzee.

Kumbe jambo aliloliona jjajja lina jina katika taaluma ya muziki, na jina hilo lilizaliwa hapa Uganda. Mwaka 1959 kijana kutoka Austria, Gerhard Kubik, alifika Kampala akajifunza marimba iitwayo amadinda kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki aliyepiga katika kasri la Kabaka. Amadinda ni ndugu ya embaire upande wa Buganda: ina mbao 12 na wapigaji watatu. Kubik alishangazwa na jambo hili: alipojifunza sehemu ya kila mpigaji na kuipiga peke yake, alipata mlolongo wa noti usio na mvuto mkubwa, lakini sehemu zile zilipounganishwa kwa kasi, alisikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wa wapigaji aliyekuwa akizipiga. Sikio lilikuwa likiziokota noti zilizo karibu kwa urefu wa sauti, kutoka mikono tofauti, na kuzifanya wimbo. Nyimbo hizo zimo ndani ya muziki, wala si ndoto; mtunzi alizikusudia; ila haziko mikononi mwa mtu yeyote.

Sasa rudini kwa Bach. Casals ni mtu mmoja, nasi tunasikia wengi. Embaire ni watu wengi, nao wanazaa wimbo mmoja usiopigwa na yeyote kati yao. Njia ni mbili zinazotoka pande tofauti, na zinakutana mahali pamoja: masikioni mwa msikilizaji. Ndiyo maana swali la "nzuri wapi" lilinishinda. Nilikuwa nikiutafuta uzuri ndani ya spika.

Niliporudi Mbale na habari hii nilikuwa nimejaa bidii ya mwongofu mpya. Niliwaambia wenzangu kwamba embaire ni muziki wa klasiki sawasawa na Bach, na kwamba ni makosa ya kikoloni kuuweka mmoja kwenye rafu ya "klasiki" na mwingine kwenye rafu ya "utamaduni". Nilitarajia makofi. Mwenzetu wa hisabati akaniuliza swali la pili, gumu kuliko la kwanza: "Unasema embaire ni klasiki kwa sababu inafanana na Bach. Kama isingefanana naye, ingekuwa nini?"

Nakiri kwamba swali lile lilinipokonya hoja. Nilikuwa nimemfanya Bach mzani wa kupimia, halafu nikasherehekea kwamba embaire imefikisha uzito. Msomaji wa fasihi ataitambua kasoro hii, kwa sababu nasi tunaifanya kila tunapousifu utenzi kwa kusema unashindana na kazi za Wagiriki wa kale. Sifa ya namna hiyo inamheshimu Mgiriki. Leo ningesema hivi: ulinganisho ule ulikuwa ngazi ya kupandishia masikio yangu, ambayo yalikuwa yamezoea upande mmoja. Mtu akishafika darini hana haja ya kuisifu ngazi. Embaire ina maswali yake ambayo Bach hawezi kunisaidia kuyajibu. Mpigaji anajuaje lini abadilishe kipande chake? Wachezaji ngoma wanamwamuru mpigaji au mpigaji anawaamuru wao? Kwa nini muziki huu haufiki mwisho, ila unaacha tu?

Swali hili la mwisho linatupeleka kwenye udhaifu wa rekodi, ambao mpenzi wa rekodi hapaswi kuuficha. Santuri za enzi ya Casals zilibeba dakika chache tu kila upande. Kipande cha Bach cha dakika mbili na nusu hivi kilitoshea bila shida, kana kwamba kilikatwa kwa kipimo cha santuri. Muziki wa sherehe za Busoga haukukatwa kwa kipimo hicho; huweza kuendelea hadi alfajiri. Wageni waliorekodi muziki wa Uganda kwa bidii kubwa katikati ya karne iliyopita, kama Hugh Tracey na Klaus Wachsmann, walituachia hazina, lakini walituachia pia vipande vifupi vya usiku mrefu. Anayesikiliza kipande kama hicho anasikia kikombe kimoja cha maji kilichotekwa kutoka Mto Nile pale Jinja. Ni maji ya Nile kweli. Mkondo haumo.

Wachsmann anastahili maneno mawili zaidi. Alikuwa Mjerumani aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, akaja Uganda mwaka 1937, na baadaye akawa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda. Rekodi alizozikusanya nchini zilihifadhiwa London kwa miongo mingi, mbali na watu waliopiga na kuimba ndani yake. Baadaye nakala zake zilirudishwa Chuo Kikuu cha Makerere, ambako leo kuna hifadhi ya muziki yenye jina lake. Je, rekodi iliyokaa kabatini miaka hiyo yote bila kusikilizwa na mtu anayejua pa kuweka kidole ilikuwa muziki? Kwa hoja niliyoijenga hapa, ilikuwa nusu ya muziki. Nusu ya pili ilikuwa huku, kwa watu waliokuwa wakizeeka.

Jambo hili linauma zaidi tukitazama bigwala, tarumbeta za vibuyu za Wasoga zinazohusiana na heshima ya Kyabazinga. Kila tarumbeta inatoa noti moja tu. Ili wimbo upatikane wanahitajika wapigaji watano au zaidi, kila mmoja akingoja zamu ya noti yake. Falme za Uganda zilipofutwa mwaka 1967, muziki wa ikulu ulipoteza mahali pa kusimama, na mwaka 2012 bigwala iliwekwa katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Wakati huo mafundi wakongwe waliobaki walikuwa wanne tu. Fikirini hesabu yake: wimbo unataka watano, na wakongwe ni wanne. Hakuna mpigaji mmoja, hata awe hodari vipi, anayeweza kuuhifadhi wimbo huo peke yake, kwa kuwa yeye ana noti moja. Tangu hapo kumekuwa na juhudi za kuwafundisha vijana, na nazishukuru. Lakini nimeona pia kwamba sisi wasikilizaji tuko vivyo hivyo. Kila mmoja ana noti yake.

Hili nilifundishwa tena na mwenzetu wa nne, ambaye kwao ni upande wa Nabugoye, mlima mdogo nje ya mji wa Mbale wanakoishi Abayudaya, Waganda wa mashariki wanaofuata dini ya Kiyahudi. Jumuiya yao ilianzishwa mwaka 1919 na Semei Kakungulu, na katika miaka ya Idi Amin walipigwa marufuku kuifuata dini yao hadharani. Mwaka 2003 kampuni ya Smithsonian Folkways ya Marekani ilitoa albamu ya nyimbo zao, iliyorekodiwa na Jeffrey Summit, ambaye ni rabi na pia mtafiti wa muziki. Ndani yake mna zaburi zilizotiwa mahadhi yao wenyewe, kwa Luganda na Kiebrania, pamoja na nyimbo nyingine za nyumbani.

Niliiweka albamu hiyo nikiwa nimejiandaa. Nilikuwa tayari kuweka kidole hapa na pale: sauti za kati zinavyoingia nyuma ya kiongozi, namna mahadhi ya kwaya za makanisa yetu yanavyosikika ndani ya zaburi ya Kiyahudi. Yeye si Myahudi, lakini amekua akipita barabara ile. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Hapo unaposifu sauti ya pili, mimi nasikia Ijumaa jioni." Kisha akaniuliza kama nimesikia kwamba Luganda wanachoimba kina lafudhi ya Mbale. Sikuwa nimesikia. Mimi ni Msoga. Masikioni mwangu ilikuwa Luganda tu. Akaonyesha maneno mawili, nikayasikia, na tangu hapo siwezi kutoyasikia. Katika lafudhi ile kuna historia nzima: Kakungulu alikuwa Muganda aliyekuja mashariki na Biblia ya Kiganda, na watu wa huku wakaipokea kwa ndimi zao.

Kwa Casals mimi ndiye niliyekuwa mwelekezaji. Kwa embaire alikuwa jjajja. Kwa zaburi za Nabugoye alikuwa yeye. Hakuna kati yetu aliyesikia kila kitu, na hakuna aliyekuwa na haki ya kusema "ni nzuri sana" kisha akanyamaza.

Sasa naweza kumjibu mwenzangu wa hisabati, na jibu naliazima kwenye amadinda ileile aliyojifunza Kubik. Nimesema wapigaji wake ni watatu. Wa kwanza, omunazi, huanzisha wimbo. Wa pili, omwawuzi, hupenyeza noti zake katika nafasi za wa kwanza. Wawili hao wakishafumbana, yupo wa tatu, omukoonezi, na kazi yake ni ya ajabu. Ana mbao mbili tu, za juu kabisa. Anawasikiliza wenzake wawili, anatambua zile noti zinazoangukia kwenye mbao mbili za chini kabisa, ambazo zimetawanyika mikononi mwa wote wawili, kisha anazigonga zilezile kule juu, kwa sauti kali, ili kila mtu azisikie. Haongezi wimbo mpya. Anaonyesha uliokuwamo.

Huyo ndiye mhakiki, na ndiye rafiki mwema wa kusikiliza naye rekodi. Omunazi na omwawuzi wangeweza kupiga usiku kucha bila yeye, na mimi ningesikia mvua juu ya mabati. Mtu anayesema "ni nzuri sana" amekaa na fimbo mkononi bila kugonga ubao. Mtu anayesimulia maisha ya Casals badala ya noti zake amegonga ubao wa ala nyingine. Na mtu anayesema "hii ni klasiki, hii ni utamaduni" anapanga mbao rafuni wakati wenzake wanapiga.

Kabla ya mitihani tulikutana tena, safari hii tukiwa na spika kubwa tuliyoazima kwa kwaya fulani, kwa sababu simu huzila noti za chini na bila noti za chini hakuna shimo. Niliiweka embaire ya Nakibembe. Niliwaomba wenzangu wasiseme chochote, ila kila mmoja aimbe kwa mdomo uliofumbwa wimbo anaousikia. Tulipata nyimbo tatu tofauti. Mmoja wetu hakusikia wimbo wowote, na akasema hivyo, na tulimwamini. Hakuna kati ya nyimbo zile iliyokuwa ile ya jjajja.

Kisha, tulipokuwa tumeirudia mara ya nne au ya tano, niliusikia. Ulikuwa chini zaidi ya nilipokuwa nikiutafuta, mfupi, wa noti chache, ukizunguka. Nilianza kuuimba, nikiogopa usije ukapotea. Mwenzangu wa hisabati aliniangalia, akainamisha kichwa upande wa spika, akanyoosha mkono.

"Rudisha nyuma kidogo," akasema.